Mama Alikuja Kama Mtalii

Tukizungumzia China na Afrika Mashariki, karibu kila mara tunaanza na twiga. Si mnamjua, yule aliyetoka Malindi akafikishwa kwa mfalme wa China mwaka 1415. Baada ya twiga tunataja vyombo vya kaure kwenye makaburi ya pwani, halafu tunaruka miaka mia tano na ushee hadi reli ya TAZARA. Leo naomba nianze na fomu. Mama yangu aliijaza Dar es Salaam mwaka 2012, na kwenye sababu ya safari akaandika utalii. Alikuwa anaenda kwa mumewe. Walikuwa wameoana miaka 26.

Kwenye kipindi nililitaja hili haraka haraka, nikaahidi kulieleza vizuri kwa maandishi. Basi ndiyo hii.

Shahe, saa tisa usiku

Baba alifika Guangzhou mara ya kwanza mwaka 2002, na hakuwa peke yake. Msukosuko wa fedha wa Asia wa 1997 uliwatikisa wafanyabiashara wa Kiafrika waliokuwa wakinunua mali Bangkok na Jakarta, wengi wakahamia Guangzhou. Desemba 2001 China ikaingia Shirika la Biashara Duniani, mlango ukapanuka. Waafrika wengi walikaa mtaa wa Xiaobei, karibu na jengo la Tianxiu, palipo na mawakala wa mizigo na chakula kinachofanana na cha nyumbani. Lakini ukitaka nguo za bei ya chini kabisa, unakwenda Shahe, wilaya ya Tianhe.

Wachina wengi wanalijua jina Shahe kwa sababu ya chakula. Zile tambi pana za mchele zinazoitwa shahefen zimepata jina lake hapa. Sisi tunalijua kwa marobota. Soko linaamka usiku wa manane, na mchana watu wanaanza kufunga. Vijana wa mikokoteni wanapita na mizigo mirefu kuliko wao, ukizubaa unagongwa. Baba alinunua jinzi na blauzi za kupeleka Kariakoo, akachangia kontena na wenzake watatu wanne.

Guangzhou iko mbele ya Dar kwa saa tano. Saa tisa usiku kule ni saa nne usiku kwetu, watoto tumeshalala au tunajifanya tumelala. Muda huo ndio Baba alikuwa anapiga simu, akiwa njiani kwenda sokoni. Nimekua nikiijua sauti ya baba yangu pamoja na kelele za mikokoteni nyuma yake.

Na nimekua nikimlaumu. Jirani yetu alikuwa London, akamwita mkewe na watoto. Mbona Baba hatuiti? Nilidhani jibu liko moyoni mwake. Nimekuja kujua ukubwani kwamba sehemu kubwa ya jibu ilikuwa kwenye herufi moja.

Mfanyabiashara hana mke

Sheria ya China ya kuingia na kutoka kwa wageni ilipitishwa Novemba 1985, ikaanza kutumika Februari 1986. Kanuni zake ziligawa viza kwa herufi. Z ilikuwa ya ajira, pamoja na familia inayofuatana na mwajiriwa. X ya wanafunzi. L ya utalii, kutembelea ndugu na shughuli binafsi. F ya ziara na biashara, isiyozidi miezi sita. Baba alikuwa F.

Isome tena hiyo orodha ukimtafuta Mama. Kama Baba angeajiriwa na kampuni, Mama angeweza kufuatana naye. Lakini mwenye F alihesabiwa kuwa mpita njia, na mpita njia anamletea nini mke, wakati kesho anaondoka? Ila hiyo kesho ya Baba ilidumu miaka 11. Anakaa, viza inaisha, anarudi Dar, anaomba nyingine. Wenzake wengine walivuka Hong Kong au Macau kwenda kuomba upya. Kabla ya Olimpiki ya Beijing ya 2008 masharti yakabanwa, kuna waliopewa siku 30 tu. Aliyepitiliza muda alidaiwa faini ya yuan 500 kwa siku, kwa hiyo wengi wakaishi kwa kujificha. Julai 2009 Waafrika waliandamana mbele ya kituo cha polisi mjini Guangzhou, baada ya Mnigeria mmoja kuumia vibaya aliporuka dirishani akikimbia ukaguzi wa hati.

Kinachoniuma ni kwamba mimi nilipata mlango. Mwaka 2010 nilikuja kusoma chuo kwa viza ya X, nikapata kibali cha ukaazi. Yaani binti alikuwa na haki kubwa zaidi ya kuishi mji huu kuliko baba aliyekuwa anamlipia ada. Mama ndiye hakuwa na mlango kabisa. Alipokuja 2012 alipewa L, siku 30.

Sheria inamtaka mgeni asiyelala hotelini aandikishwe polisi ndani ya saa 24, kwa hiyo siku ile ile tukaenda kituoni na Mama na baibui lake. Afisa akauliza amekuja kufanya nini. Nikajibu kama ilivyoandikwa. Mama akataka kujua nimesema nini.

"Nimesema wewe ni mtalii, Mama."

Akacheka. "Haya, basi nitembezeni."

Tukamtembeza. Alipika kwenye chumba cha Baba, akamfulia mapazia, akaenda naye Shahe alfajiri moja akaona kelele za simu zinatoka wapi. Siku ya 29 akapanda ndege.

Karatasi za kwetu

Nisiilaumu China peke yake. Wazazi wangu walifunga ndoa msikitini mwaka 1986. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inaitambua ndoa ya Kiislamu, ya Kikristo, ya serikali na ya kimila. Lakini kutambuliwa ni jambo moja, kuwa na karatasi mkononi ni jambo jingine. Cheti chao kilipotea kwenye kuhamahama, na mashahidi wawili walishafariki. Ofisi za viza popote duniani zinasoma muhuri, hazimsomi shahidi. Halafu sheria hiyo hiyo inaruhusu wake wengi, wakati China inamjua mke mmoja tu. Kwa hiyo wapo akina mama Kariakoo ambao hakuna herufi yoyote ingewafaa.

Na siwatetei akina baba wote. Wapo walioona mpaka umewarahisishia mambo, wakawa na nyumba hapa na nyumba kule, na kila nyumba ikaambiwa tatizo ni viza. Lakini hata kisingizio hicho kilikubalika kwa sababu kwa wengine kilikuwa kweli.

Guangdong wanaijua hadithi hii

Nilipoanza kusoma historia ya mkoa huu nilishtuka. Kumbe wenyeji wangu waliyapitia maisha ya Mama kabla yake.

Katikati ya karne ya 19 wanaume wa Guangdong, hasa wa Taishan, walikwenda California kuchimba dhahabu, baadaye kujenga reli. Mwaka 1882 Marekani ikapitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia. Mfanyabiashara aliweza kuleta mke. Kibarua hakuweza. Sensa ya Marekani ya 1890 ilikuta wanaume wa Kichina takriban 27 kwa kila mwanamke mmoja. Huku nyuma wake zao, walioitwa wake wa Mlima wa Dhahabu, walilea watoto kwa fedha za kutumiwa, na wapo waliomwona mume mara mbili tatu tu katika maisha ya ndoa. Sheria ile ilifutwa 1943, lakini kwa nafasi 105 tu kwa mwaka. Ni 1946 ndipo wake wa raia walipotolewa kwenye hesabu hiyo.

Angalia jambo moja. Marekani ile, mfanyabiashara alikuwa na haki ya mke, kibarua hana. Guangzhou ya Baba, mwajiriwa alikuwa na haki ya mke, mfanyabiashara hana. Watu wamebadilishana nafasi, ila mstari upo pale pale: huyu tunamtaka yeye na nyumba yake, yule tunataka kazi yake au fedha yake tu. Zamani kwenye pwani yetu kilichowatenganisha mume na mke ni upepo. Kaskazi inaleta majahazi, kusi inayarudisha. Upepo ulitenganisha kweli, lakini ulikuwa na ratiba, na haukumuuliza mtu cheti.

Herufi mpya

Tarehe 1 Julai 2013 China ilianza kutumia sheria mpya, na Septemba zikaja herufi mpya. M ikawa ya biashara. S ikawa ya familia ya mgeni anayeishi China kwa kazi au masomo. Q ikawa ya familia ya raia wa China au ya mgeni mwenye ukaazi wa kudumu. Kwa mara ya kwanza kuungana na familia kukawa na herufi zake. Ila mwenye M bado alihesabiwa mpita njia. Mwaka huo Baba akafunga hesabu, akarudi Dar moja kwa moja.

Mdogo wangu ndiye aliyeionja Q. Alikuja kusoma, akaanza kununua jinzi Shahe alfajiri kama Baba, akampenda dada aliyekuwa anamuuzia. Walioana 2017. Alitakiwa kuleta hati ya kuthibitisha kwamba hajaoa, ipigwe muhuri Wizara ya Mambo ya Nje Dar, ithibitishwe ubalozi wa China, kisha itafsiriwe Kichina. Baadaye akapata Q1, ambayo mwenye nayo lazima aombe kibali cha ukaazi ndani ya siku 30 tangu aingie. Na kibali hicho cha kuungana na familia hakiruhusu kufanya kazi. Yaani umekubaliwa kuwa mume, lakini kulisha nyumba omba kibali kingine.

Upo pia ukaazi wa kudumu, ulioanza 2004. Kwa mwenza wa Mchina masharti ni ndoa ya miaka 5, kuishi China miaka 5 mfululizo, kila mwaka si chini ya miezi 9, na kuwa na kipato na makazi ya uhakika. Mdogo wangu alianza kuhesabu. Mwaka 2018 wakapata binti. Kwa Sheria ya Uraia ya 1980 mtoto yule alizaliwa Mchina, na China haikubali uraia wa nchi mbili.

Februari 2020 babu yetu alifariki. Mdogo wangu akaenda Dar kuzika. Tarehe 28 Machi China ikawafungia wageni mlango, hata wenye viza na vibali halali. Aprili, huku Guangzhou, Waafrika walifukuzwa kwenye nyumba na hoteli, wengine wakalala barabarani, hadi mabalozi wa Afrika Beijing wakaandika barua ya malalamiko kwa waziri wa mambo ya nje. Mimi nilifungiwa chumbani wiki mbili bila kuwa nimesafiri popote. Wifi alikuwa ananiachia chakula mlangoni, amembeba mtoto mgongoni.

Septemba 28 wenye vibali halali vya kazi, vya shughuli binafsi na vya kuungana na familia waliruhusiwa kurudi. Cha mdogo wangu kilikuwa kimeisha Agosti. Waliokwama hivyo waliruhusiwa kuomba viza upya kwa kuonyesha kibali kilichoisha, kwa hiyo foleni ikaanza: fomu, vipimo, na tiketi za ndege chache zilizokuwa zinaruka. Aliingia Machi 2021, miezi 13 baada ya kuondoka, akakaa karantini siku 14. Alipofika nyumbani mtoto alijificha nyuma ya mama yake siku mbili. Na ile hesabu ya miezi 9 kila mwaka ilikuwa imekatika. Akaanza moja.

Usiku ule alipofika nyumbani nilimpigia Baba. Dar ilikuwa jioni bado. Nikamwambia nimesoma kanuni za 1986, nimeona F haikuwa na nafasi ya mke. Akanyamaza kidogo.

"Nilikwenda kuuliza," akasema. "Mara tatu. Sikuwaambia, kwa sababu jibu lilikuwa lile lile."

Mama alikuwa pembeni yake, nikamsikia anauliza nani huyo. Miaka 11 nilimhesabia Baba kosa bila kujua kwamba aliwahi kusimama kwenye foleni. Kama kwenu kuna mzazi aliyekuwa mbali na hadithi yake ina pengo, muulize alikuwa na viza gani, mwaka gani. Huenda lisiwe jibu lote. Lakini anza hapo.