Supamaketi za majuu, duka la Mangi na mali kauli ya Tabora

Leo naomba tuongee historia kidogo, ila siyo ya vita na mikataba, ni historia ya dukani.

Kila anayerudi kutoka majuu ana stori ya supamaketi. "Bwana wee, kule unakuta maziwa aina ishirini, unasukuma kitoroli chako mwenyewe, hakuna kubishana bei wala kupigiwa kelele." Halafu anatugeukia sisi huku na kutucheka: sukari ya kupimiwa, mafuta ya kupimiwa, dirisha la nondo, Mangi amekaa ndani na daftari lake. Na wengi wetu tunaitikia tu. Tunasema wenzetu wametangulia, sisi tutafika.

Mimi jibu hilo naliona jepesi mno. Kama maendeleo ni shelfu iliyojaa vitu vya nje, basi Tabora iliendelea zamani sana.

Hebu turudi nyuma. Burton na Speke walifika Kazeh, yaani hapa hapa Tabora yetu, tarehe 7 Novemba 1857, siku 134 tangu waondoke pwani. Mwenyeji wao alikuwa Snay bin Amir, Mwarabu wa Oman ambaye kwao Muscat alianza maisha kama mtengeneza vitamutamu, na sasa alikuwa tajiri wa pembe za ndovu na watumwa. Yeye ndiye aliyewatunzia mizigo na kuwatafutia wapagazi. Palikuwa pia na Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi aliyetoka Surat, mmoja wa waliotangulia kuifungua biashara hii ya bara. Mwaka 1871 akaja Stanley. Aliandika kwamba Waarabu wa Unyanyembe walijiletea kutoka pwani viungo, bizari, jamu, mvinyo, brandi, biskuti, sadini na samoni. Samoni jamani! Tabora, mwaka 1871, hata reli haijaota. Reli ya kutoka Dar ilifika hapa mwaka 1912.

Sasa hivyo vitu vilifikaje? Kwa mabega ya watu. Mpagazi mmoja alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi waliokubaliana ujira. Njiani walipewa posho, yaani nguo au shanga za kununulia chakula. Kwa hiyo hilo neno posho tunalolitamka kila tukisikia kuna semina, wazee wetu walilijua tangu enzi za misafara. Mkipita Ugogo mnalipa hongo kwa watemi. Kila siku ya posho na kila hongo iliingia kwenye bei. Na vita ya Mirambo na Waarabu ilipoanza mwaka 1871, njia ya Ujiji ikafungwa, mzigo ukakaa. Ndiyo maana mtu wa kawaida wa Unyanyembe hakula ile samoni. Aliibeba tu.

Lakini swali la maana zaidi, ambalo darasani huwa tunalipita haraka, ni hili: nani alilipa ule mzigo?

Jibu ni kwamba hakuna aliyelipa kwanza! Ilikuwa mali kauli. Wamarekani wa Salem, Massachusetts, walileta nguo Zanzibar (ndiyo ile "merikani" tunayoisoma) na kuwauzia wafanyabiashara wa Kihindi kwa mkopo. Wahindi wale, mmoja wa wakubwa wao akiwa Taria Topan, wakawakopesha wenye misafara, akiwemo Tippu Tip ambaye baba yake alikuwa mkazi wa hapa Tabora. Mwenye msafara akaja bara, na deni lake angelilipa kwa pembe atakaporudi. Akipata hasara, deni linabaki pale pale. Wako waliokaa bara miaka na miaka kwa sababu kurudi pwani ni kwenda kuonana na wadai. Hivyo kila mmoja alimsukumia mwenzake uzito, mpaka mwisho wa mnyororo kukawa na tembo wanaouawa, na binadamu ambaye hakuwa mdai wala mdaiwa, alikuwa bidhaa. Hilo tusilifiche tunapoisifia Tabora ya kale.

Sasa twende Marekani, maana ilikotoka merikani ndiko supamaketi ilikozaliwa. Zamani kule nako kulikuwa na Mangi wao. Mteja anasimama kaunta, karani anampimia, wengi wanaandikiwa kwenye daftari na kulipa baadaye. Mwaka 1916, mjini Memphis, bwana mmoja anaitwa Clarence Saunders akafungua duka la Piggly Wiggly. Utaratibu mpya: ingia, chukua mwenyewe kwenye shelfu, lipa taslimu, ondoka. Mwaka 1930 Michael Cullen akafungua King Kullen huko Queens, New York, duka kubwa zaidi, bei chini zaidi, na nafasi ya kuegesha magari. Vitoroli vikaja mwaka 1937, Oklahoma City.

Wadau, hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Tunaona vitoroli, hatuoni daftari lilivyohama. Kwa Mangi, anayekopeshwa ni mteja. Unachukua mkate na mayai, unaandikwa, bumu likitoka unalipa (au unapita njia ya nyuma, mnajijua!). Supamaketi mteja analipa pale pale, lakini duka lenyewe linamlipa aliyeleta mzigo baada ya wiki kadhaa, au miezi. Mkopo haujafa. Umegeuzwa tu, na sasa anayekopesha ni mzalishaji: mwenye maziwa, mwenye mboga, mwenye mayai.

Ukilijua hilo, hadithi ya supamaketi za kwetu inaeleweka. Shoprite ya Afrika Kusini iliondoka Tanzania mwaka 2014, maduka yake yakachukuliwa na Nakumatt ya Kenya. Uchumi, nayo ya Kenya, ilifunga maduka yake ya Tanzania na Uganda Oktoba 2015, huku nyuma wasambazaji wakilia na madai yao. Nakumatt, ambayo jina lake limetokana na magodoro ya Nakuru, ilizama kwenye madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30 za Kenya, na mwaka 2020 wadai wakapiga kura ifilisiwe. Shelfu zilianza kuwa tupu kabla milango haijafungwa, kwa sababu waliokuwa wanaleta mzigo walichoka kukopesha. Ukimtoa mpagazi ukamweka lori, si msafara ule ule?

Mtasema, "Ndiyo Afrika hiyo." Hapana. Uingereza nako, Januari 2016, msimamizi wa kanuni za maduka ya vyakula alitoa ripoti kwamba Tesco ilikuwa ikichelewesha kwa makusudi malipo ya wasambazaji wake. Wengine walisubiri mwaka na zaidi. Faini haikutozwa, kwa kuwa uwezo wa kutoza faini ulianza baada ya makosa yenyewe, lakini kampuni ilianikwa hadharani na kuamriwa ibadilike. Tabia ni ile ile majuu na kwetu. Tofauti ni kwamba wao tangu 2013 wameweka mtu mwenye sheria mkononi wa kumsemea aliyeleta maziwa. Kenya nayo ilibadili sheria yake ya ushindani mwaka 2019, baada ya kuumia, ili mnunuzi mkubwa asimwonee muuzaji mdogo.

Kwa hiyo mtu akiniuliza lini Tabora itapata supamaketi kama za majuu, swali langu ni moja: atakayeleta mzigo atalipwa lini? Mchukulie mfuga nyuki wa Sikonge. Asali yake ni nzuri, haina ubishi. Duka kubwa likimwambia lete ndoo mia, utalipwa baada ya siku 90, ada ya mtoto atalipa nini? Atamuuzia mlanguzi barabarani kwa bei ya kutupa, halafu shelfu itajazwa asali ya kopo kutoka nje, na sisi tutaipiga picha tukisema tumeendelea. Snay bin Amir angecheka sana.

Tunaotarajia kufundisha, siku tukifika kwenye mada ya biashara ya masafa marefu, tusiishie kuwakaririsha watoto orodha ya pembe, nguo na shanga. Tuwaulize nani alikopesha, nani alibeba, na nani alisubiri. Wakijua kuuliza hivyo kuhusu mwaka 1857, wataweza kuuliza hivyo kuhusu duka la mtaani kwao.

Na Mangi mwacheni na daftari lake. Kwenye historia yote hii, ni mmoja wa wachache wanaomkopesha mlaji badala ya kumkopa mkulima. Mkalipeni basi!

Naomba kuwasilisha. Wa Uchumi na wa Jiografia, nirekebisheni.