Kupiga picha kwa simu: makosa matano ya kuepuka

Picha ya nyumba au kaburi la wazee huko Chula, Chovai au Koyama huenda ndiyo kumbukumbu pekee watakayoipata ndugu zako walio mbali. Epuka makosa haya:

1. Kupiga saa sita mchana. Kismayo iko karibu na ikweta. Jua la utosini hutia vivuli machoni. Piga saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni.

2. Lenzi yenye chumvi. Upepo wa bahari huiacha na ukungu. Ifute kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo.

3. Kuvuta picha kwa vidole. Picha hupoteza ubora. Sogea karibu.

4. Kupiga bila ruhusa. Muulize mtu kwanza. Mtoto, muulize na mzazi wake. Usipige askari, vizuizi wala bandari: unaweza kukamatwa.

5. Kutuma bila kukagua. Simu huweza kuhifadhi ndani ya picha mahali ilipopigwa. Zima huduma hiyo kwenye mipangilio ya kamera, hasa ikiwa kuna anayekutafuta kwa ubaya.

Mwisho, weka nakala kwa ndugu unayemwamini. Simu ikizama, picha zibaki.