Bendera Zilizopita Uvira

Kabla Uvira haijawa na bendera ya nchi, ilizoea bendera za wasafiri. Katika miaka ya 1870 na 1880, misafara ya Waarabu na Wangwana ilipanda Ziwa Tanganyika kutoka Ujiji na kitambaa chekundu cha Sultani wa Zanzibar, kitupu, bila nyota wala maandishi. Kilitosha kumwambia kila mtu ni mali ya nani inapita, na nani angekuja kuidai ikiguswa. Chini ya rangi hiyo Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliutawala mwambao wa kaskazini mpaka askari wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji walipomshinda mwaka 1894.

Neno lenyewe, bendera, Waswahili walilipata kwa Wareno. Huku kwetu wengi husema pia drapo, tuliyorithi kwa Wabelgiji.

Novemba 1871 Stanley na Livingstone walipanda mtumbwi Ujiji kwenda kuona kama mto Rusizi, jirani na Uvira, unaingia ziwani au unatoka. Mtumbwini walisimamisha bendera mbili, ya Marekani na ya Uingereza. Ya Marekani ikawa juu zaidi. Mzee Livingstone hakupendezwa. Akasema atakata mti mrefu kuliko yote apandishe ya kwao. Watu wazima hao, nao ni wageni kwenye maji ya wenyewe! Rusizi, waligundua, unaingia.

Wabelgiji walileta ya buluu yenye nyota moja ya dhahabu, iliyokuwa ya shirika la Leopold tangu 1877. Koloni lilipoanza mwaka 1908 haikubadilishwa, ila ya Ubelgiji ikapepea kando yake. Ng'ambo ya ziwa, Usumbura (Bujumbura ya leo), ilikuwa ya Mjerumani. Februari 9, 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walipoizamisha meli yake Hedwig von Wissmann humu ziwani, waliopoa bendera yake ya kivita wakaishika kama nyara.

Baada ya uhuru wa Kongo, Juni 30, 1960, mambo yalienda mbio. Kwanza nyota kubwa na ndogo sita, moja kwa kila jimbo, Kivu likiwemo. Mwaka 1963 ukaja mstari mwekundu wa kukingama. Mwaka 1971 Rais Mobutu akaleta kijani, na mkono ulioshika mwenge; ndiyo waliyoiimbia kila asubuhi watoto wa shule ambao leo ni wazee wa mtaa.

Oktoba 1996 Uvira ilikuwa kati ya miji ya kwanza kuangukia mikononi mwa AFDL, waasi waliompiga vita Mobutu. Mei 1997 kiongozi wao, Laurent-Désiré Kabila, alipoingia Kinshasa, nyota sita zikarudishwa. Hesabu haikukubali: Kivu lilikuwa limegawanywa tangu 1988, na majimbo yalikuwa yamefika 11. Uvira, sasa ya Kivu Kusini, ikaipigia saluti bendera isiyokuwa na nyota ya jimbo lake. Katiba ya Februari 2006 ilirudisha mstari mwekundu na kuacha nyota moja tu, ya wote. Mwaka 2015 majimbo yalipofika 26 hakuna aliyehitaji kushona tena.