Kiroba cha chakula cha mifugo kikiisha kazi, tukipeleke wapi?

Kila nyumba inayofuga kuku au nguruwe Kyela ina viroba vitupu kwenye kona ya banda. Wengine huviita salfeti, wengine sandarusi. Chakula kikiisha, kiroba hubaki. Wasikilizaji wetu wa Ipinda, Matema, Ngonga na Kasumulu, haya ndiyo tunayoweza kuwaeleza kuhusu mifuko hiyo.

Kiroba ni nini hasa?

Kiroba ni plastiki iitwayo polipropilini. Kiwandani plastiki hiyo hukatwa vipande vyembamba kama utepe, kisha hufumwa kama mkeka. Ndiyo maana kinabeba kilo 50 bila kupasuka. Maji hayakiozeshi, na mchwa hawakimalizi kama wanavyomaliza gunia la katani. Adui yake mkubwa ni jua. Kikiachwa nje miezi kadhaa, nyuzi hukauka na kuanza kukatika zenyewe.

Hapo ndipo hasara inapoanza. Ng'ombe au mbuzi akimeza nyuzi hizo, hazimeng'enywi. Hujikusanya tumboni, mnyama anakonda, na mwisho anaweza kufa. Mvua za masika nazo huzoa mabaki na kuyaingiza kwenye mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo, na mito hiyo yote inamwaga Ziwa Nyasa. Plastiki hii ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo huelea na kunasa kwenye nyavu. Ziwa letu lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Shire, mbali kusini nchini Malawi. Tunachokitupa huku kaskazini hakiondoki upesi.

Sheria inasemaje?

Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019. Vifungashio vya kilimo na viwandani havikuguswa na katazo hilo. Kwa hiyo viroba vya chakula cha mifugo vitaendelea kuja, na kazi ya kuvishughulikia ni yetu.

Anza kwa kukifungua vizuri

Usikate mdomo kwa kisu. Uzi wa kiwandani umeshonwa kwa mnyororo. Tafuta ncha upande mmoja, legeza mafundo mawili matatu ya mwanzo, kisha vuta. Ukigoma, jaribu ncha ya upande wa pili. Ukipata ncha sahihi, uzi wote hufunguka kwa mvuto mmoja. Kiroba kinabaki kizima, na uzi unautunza kwa kushonea.

Kikung'ute, kioshe kwa sabuni mbali na mto au kisima, kisha kianike hadi kikauke kabisa. Kihifadhi chini ya paa.

Matumizi yanayofaa huku kwetu

Turubai la kuanikia mpunga. Pasua viroba ubavuni na chini, viunganishe kwa kushona, na kunja kingo mara mbili ili nyuzi zisichomoke. Mpunga haugusi udongo, na mvua ikija unaukunja haraka. Ukimaliza, liondoe juani.

Bustani ya kiroba. Weka mawe madogo katikati kuanzia chini hadi juu ili maji yapenye, na uyazungushie udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Toboa matundu ubavuni na upande mchicha, figili au vitunguu. Bondeni, ambako maji hujaa shambani, mboga zako zitakuwa juu ya maji. Kiweke penye kivuli kidogo ili kidumu.

Kuzuia maji. Jaza mchanga nusu hadi theluthi mbili tu, usikishindilie hadi mdomoni. Kunja mdomo na uulaze chini ya kiroba chenyewe. Panga kama matofali, cha juu kikifunika kiungo cha chini, kisha kanyaga. Mafuriko yakipita, vifunike kwa udongo au viondoe kabla jua halijavila.

Kukuzia miche. Kiroba kilichokatwa na kushonwa vipande vidogo kinafaa kwa migomba, miembe na michikichi. Siku ya kupanda, kiondoe chote. Hakiozi, na mizizi itajizungusha ndani yake.

Tahadhari

Kiroba kilichokuwa na mbolea, kiuatilifu au chakula chenye dawa kisiwekewe mchele, unga wala kitu chochote cha kuliwa. Kuosha hakutoshi.

Usiazime wala kununua viroba vilivyotoka kwenye banda lenye ugonjwa. Wafugaji wengi wanakumbuka homa ya nguruwe iliyoingia wilayani kwetu mwaka 2010. Haina dawa, na virusi vyake husafiri kwenye vyombo, viatu na mifuko yenye uchafu.

Kakao kavu nayo isikae kwenye kiroba cha chakula cha mifugo. Punje za kakao hunyonya harufu, na plastiki huzuia unyevu kutoka. Tumia gunia la katani au jute lililo safi.

Kikichakaa kabisa

Usikichome. Moshi wa plastiki unadhuru mapafu, hasa ya watoto. Usikifukie shambani pia, maana jembe litakifukua mwakani.

Viwanda vya kuchakata hukisaga, hukiyeyusha kwenye joto la nyuzi 160 na zaidi, kisha hutengeneza bidhaa nyingine. Jijini Nairobi, Nzambi Matee alianzisha kampuni ya Gjenge Makers, inayochanganya plastiki na mchanga kutengeneza matofali ya kutandaza chini. Polipropilini ni mojawapo ya plastiki anazotumia, na mwaka 2020 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilimtunuku kwa kazi hiyo. Lakini kazi hiyo ina mashine zake. Usijaribu kuyeyusha plastiki kwenye sufuria nyumbani.

Shida yetu Kyela ni umbali. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Kiroba kitupu kina uzito wa gramu 100 hivi, kwa hiyo kilo moja ni kama viroba 10, na tani moja ni kama viroba 10,000. Hakuna mnunuzi atakayefuata viroba vitano vya nyumba moja.

Kwa hiyo jambo hili linataka watu wengi. Chama cha ushirika, kikundi cha akina mama, shule au wenye mashine za kukoboa mpunga wanaweza kutenga kona moja yenye paa. Viroba viletwe vikavu, bila mchanga, na nailoni ya ndani ikiwa imetolewa, kwa sababu ni plastiki ya aina nyingine. Vifungwe mafungu ya 50, na idadi iandikwe daftarini. Mzigo ukifika tani, kikundi kinaweza kuzungumza bei na mnunuzi, au na dereva wa lori linaloondoka bila mzigo.

Usingoje mnunuzi ndipo uanze kuhesabu. Hesabu kwanza vilivyo bandani kwako, kisha muulize jirani ana vingapi.