Mbiru: kodi iliyowapeleka Wapare Same

Wengi wenu mnazikumbuka siku za kodi ya maendeleo, ambayo mitaani iliitwa kwa jina lake la zamani, kodi ya kichwa. Mgambo walikaa kwenye vizuizi vya barabarani na magulioni, na mwanamume asiye na stakabadhi mfukoni alipita vichochoroni kama mwizi. Ilifutwa mwaka 2003, na wengi tulishangilia. Lakini hebu leo tujiulize: ilitoka wapi, na ilikuwa ya kazi gani?

Walioanza ni Wajerumani. Kuanzia mwaka 1898 walitoza kila nyumba, na kiwango cha mashambani kilikuwa rupia tatu kwa mwaka. Msidhani shabaha ilikuwa kujaza hazina tu. Mtu mwenye mtama ghalani na mbuzi zizini hakuwa na haja ya rupia, basi serikali ikamtafutia haja hiyo. Mwanzoni mazao na kazi vilipokelewa badala ya fedha, lakini nia ilikuwa kumtoa mkulima kwake, ama aende kukata mkonge kwenye shamba la setla, ama alime zao la kuuza. Umatumbi, Julai 1905, watu waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima na vita vya Majimaji vikaanza. Kodi ilikuwa miongoni mwa manung'uniko yao.

Waingereza nao waliendelea kutoza. Ila kuanzia mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, machifu walitambuliwa rasmi kuwa watawala wa wenyeji. Sehemu ya kodi ikawa inabaki kwenye hazina zao, kulipa mishahara ya machifu na makarani, na kuendesha shule na zahanati chache. Hapo ndipo tunapofika Upare.

Miaka ya mwanzo ya 1940, machifu wa Upare walihitaji fedha zaidi. Wakakubaliana na wakubwa wa wilaya kuongeza juu ya kodi ya kawaida kodi nyingine ya viwango, yaani mwenye kingi alipe zaidi na mwenye kidogo alipe kidogo. Wakaiita mbiru, jina la ada ya kale aliyopewa mtawala, wakitumaini watu wataiona kuwa ni yao. Ukiisoma kwenye karatasi ni kodi ya haki kabisa; kodi ya mapato inayokatwa kwenye mishahara yetu ina kanuni hiyo hiyo. Lakini nani ajuaye mali ya mtu wa milimani? Hapakuwa na hati ya mshahara wala daftari la biashara. Palikuwa na wakadiriaji, na chifu ndiye aliyekuwa juu yao. Mtu aliambiwa kiwango chake bila kujua kimefikiwaje, na bila kuonyeshwa fedha hiyo itajenga nini.

Januari 1945 maelfu ya wanaume waliteremka milimani wakaenda Same, makao makuu ya wilaya, wakaketi. Hawakupiga mtu. Walisema kodi ya kawaida wako tayari kuilipa, mbiru hapana. Walikaa miezi, wakipokezana, huku mashamba yakisubiri. Viongozi wao wakahamishwa mbali, watu hawakuondoka. Kisha wanawake wakaingia. Huko Usangi walimzingira mkuu wa wilaya, wakamtaka ama amalize shauri ili waume zao warudi, ama awape mimba wote yeye mwenyewe. Mtanisamehe, ndivyo historia ilivyoandikwa. Hatimaye mbiru ikafutwa, na Upare ikarudi kwenye kodi ya kiwango kimoja.

Wapo wanaosema Wapare waliikataa kodi ya haki kwa ujinga. Mimi siwaungi mkono. Waliona kwamba kanuni nzuri mikononi mwa mkadiriaji asiyeulizwa ni rungu tu.

Baada ya Uhuru mambo yaligeuka. Mwaka 1969 serikali ilifuta kodi ya kichwa na ushuru wa mazao uliotozwa na halmashauri vijijini. Mkulima akapumua, lakini halmashauri zikabaki na majukumu bila mfuko. Mwaka 1972, katika mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zikavunjwa, na za miji zikafuata. Wakazi wa miji wanakumbuka mitaro iliyoziba na takataka zisizozolewa. Mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa. Za wilaya zilirudi mwaka 1984, na pamoja nazo ikaja kodi ya maendeleo. Maendeleo yenyewe yalikuwa haba. Katika halmashauri nyingi sehemu kubwa ya makusanyo iliishia kwenye gharama za utawala na posho, na mlipaji akabaki kukimbizana na mgambo.

Kufutwa kwake mwaka 2003 kulikuwa nafuu ya kweli kwa maskini, na sitaki mtu anielewe vibaya: siiombei irudi. Ila pengo lilizibwa kwa ruzuku kutoka Hazina, na tangu hapo halmashauri nyingi zinaishi zaidi kwa fedha hizo kuliko kwa makusanyo yao. Mwananchi akimwuliza diwani wake kwa nini zahanati haina dawa, jibu analolisikia mara nyingi ni kwamba fungu halijafika kutoka juu. Wazee wa Upare angalau walijua pa kwenda kuketi.