Vitabu vya Mto Rufiji na Majina Yasiyomo



Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, kijana mmoja mwenyeji wa Kibiti anayesoma hapa mjini alinisubiri mlangoni pa sakristia akaniuliza, "Padre, mbona kwetu hakujaandikwa? Nimetafuta kitabu kinachohusu Rufiji sijakiona." Nilimjibu haraka haraka, kama tulivyozoea sisi wenye umri, kwamba Rufiji imeandikwa sana, na kwamba asiyeona vitabu hakutafuta. Jioni nikavitoa rafuni nilivyonavyo, nikavipanga mezani: kumbukumbu za wanajeshi, riwaya za Kiingereza, vitabu viwili vitatu vya historia, na chini kabisa riwaya za upelelezi za Kiswahili ambazo nilizisoma seminarini kwa kujificha. Nilipomaliza kuvipitia niliona kwamba jibu langu lilikuwa na ukweli nusu tu, na kwamba yule kijana alistahili jibu jingine.

Tuanze na mahali penyewe. Mto Rufiji, ukikaribia Bahari ya Hindi mkabala na kisiwa cha Mafia, huacha kuwa mto mmoja. Hupasuka vijito vingi, vingine vyenye kina cha kupitisha meli, vingine vya mtumbwi tu maji yakijaa. Kati ya vijito hivyo imesimama misitu ya mikoko ya zaidi ya hekta 50,000, na kwa karne nyingi boriti za huko zilipakiwa majahazini kwenda kuezekea nyumba za Unguja na za Arabuni. Siku hizi sehemu kubwa ya delta iko katika Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Rufiji. Mtu asiye mwenyeji akiingia humo bila kiongozi hupotea kabla ya adhuhuri.

Ni kwa sababu hiyo hasa vitabu vingi viliandikwa. Mwezi Juni 1914 manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilifika Dar es Salaam. Vita vilipoanza ilitoka baharini, na tarehe 20 Septemba 1914 ikaizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, bandarini Unguja. Kisha mitambo ikaharibika. Kapteni wake, Max Looff, akaificha mikokoni karibu na Salale. Sehemu za mitambo zikavutwa nchi kavu hadi karakana ya Dar es Salaam, zikatengenezwa, zikarudishwa. Wasomaji mnaoijua barabara ya Kilwa wakati wa masika, hata sasa yenye lami, jaribuni kufikiri kazi hiyo ilifanywaje kwa kamba na mabega.

Waingereza waliigundua meli hiyo mwishoni mwa Oktoba 1914. Wakazamisha meli kuukuu katika mlango mmoja wa mto ili isitoke, wakaleta ndege, jambo geni kabisa katika anga ya pwani yetu, na hatimaye wakaleta meli mbili za mizinga zenye matumbo bapa, Severn na Mersey, ambazo ziliweza kupanda mto bila kukwama. Zilipiga tarehe 6 Julai 1915, zikarudi tarehe 11. Siku hiyo Looff aliamuru meli yake izamishwe. Mizinga yake kumi iliopolewa, ikawekwa magurudumu, ikapigana bara miaka iliyofuata. Mmoja unaonekana leo Fort Jesus, Mombasa, mwingine Pretoria.

Looff aliandika kumbukumbu zake. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck aliandika zake, zikatoka mwaka 1920, na zikasomwa sana Ulaya. P. J. Pretorius, mwindaji wa tembo kutoka Afrika Kusini aliyewapelelezea Waingereza njia za maji za delta, naye aliacha tawasifu yake iitwayo Jungle Man. Nakiri kwamba vitabu hivi vinasomeka vizuri. Mtu akianza kusoma habari za Pretorius akipima kina cha maji kwa mti huku amejificha, chakula kitapoa mezani. Mwandishi wa riwaya Wilbur Smith naye aliona utamu huo, na mwaka 1968 akatoa Shout at the Devil, ambamo meli imebadilishwa jina ikaitwa Blücher, lakini mikoko ni ileile. Mwaka 1976 ikawa filamu, akaigiza Roger Moore, yule wa James Bond.

Sasa rudi usome tena, ndugu msomaji, ukiwa na penseli mkononi, na kila penye jina la mtu chora mstari. Nilifanya hivyo jioni ile. Kapteni ana jina, rubani ana jina, mwindaji ana jina, hata meli ina jina na tarehe ya kuzaliwa. Waliovuta mitambo kwa kamba wanaitwa "wenyeji". Waliojua mlango upi una maji wanaitwa "kiongozi wa Kiafrika". Katika riwaya mambo ni mabaya zaidi, maana wenyeji wameumbwa wachekeshe au wafe, basi. Kwa haki niseme kwamba Lettow-Vorbeck anawasifu askari wake, na anazo kurasa za heshima juu yao. Lakini sifa kwa jumla si sawa na kumtaja mtu.

Wajerumani waliokufa pale walizikwa 33, na karibu na makaburi yao kikawekwa kibao chenye orodha ya majina. Sina neno juu ya kibao hicho. Walikuwa vijana wa watu, na mama zao walikuwa na haki ya kujua walikolala. Lakini nenda mjini Dar es Salaam, pale katikati ya Mtaa wa Samora, uitazame Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927. Maandishi yake ya Kiswahili yanawakumbuka askari na wapagazi waliokufa vitani, na yanatoa ahadi kwamba mtu akifa akiipigania nchi yake wanawe watalikumbuka jina lake. Zunguka pande zote. Jina hata moja la mpagazi halimo. Wapagazi walioandikishwa upande wa Waingereza peke yao katika vita vile wanakaribia milioni moja, na wanahistoria wanakadiria waliokufa kuwa karibu laki moja, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa. Kilichobaki ni jina la kambi yao, Carrier Corps, ambalo ndimi zetu zililigeuza likawa Kariakoo, na tunalitamka kila tunapokwenda kununua nguo za Pasaka.

Frederick Selous, mwindaji Mwingereza, aliuawa kwa risasi Beho Beho, bonde lilelile la Rufiji, tarehe 4 Januari 1917. Yeye alipewa pori zima. Ilipofika mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Naona tulipobadilisha tulibadilisha jina la mkubwa kwa jina la mkubwa.

Msinielewe vibaya, si kwamba hakuna aliyejaribu. Kusini kidogo ya delta iko Mohoro, na huko ndiko Wajerumani walikomnyonga Kinjikitile Ngwale tarehe 4 Agosti 1905, mganga wa Ngarambe ambaye maji yake yaliwapa watu wa Rufiji, Umatumbi na mbali zaidi moyo wa kuikataa pamba ya kulazimishwa. Ebrahim Hussein alimtungia tamthilia, Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969, na wengi wenu mliisoma shuleni. Wachache mnajua kwamba mwaka uliotangulia, 1968, G. C. K. Gwassa na John Iliffe walichapisha kijitabu cha ushahidi wa vita vya Maji Maji, na kwamba katika miaka ileile Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi vijijini kukaa na wazee na kuandika waliyoyaona kwa macho yao. Wazee wale wakati huo walikuwa na miaka sabini, themanini. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza katika rafu yangu, penseli yangu ilipata kazi. Mzee anasema, na jina lake limechapishwa pamoja na maneno yake: nani alimwita shambani, nani alimchapa, nani alikuwa wa kwanza kung'oa mche wa pamba. Si kitabu cha kusisimua kama cha mwindaji. Wazee hurudia maneno, husahau, hubishana. Lakini ukikifunga unajua umeongea na watu.

Na sisi Wakatoliki tujitazame hapo hapo. Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, aliuawa tarehe 14 Agosti 1905 njiani kutoka Kilwa, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Majina ya wote watano tunayo, na ni vema. Waliokufa katika vita vile na njaa iliyofuata Wajerumani wenyewe walikisia kuwa 75,000. Gwassa alisema inawezekana wakafika 250,000 na zaidi. Katika hao, ndugu zangu, tunawajua wangapi?

Miaka ya karibuni mambo yameanza kubadilika hata katika riwaya. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, katika Afterlives ya mwaka 2020 anamfuata askari mmoja wa Wajerumani tangu kujiandikisha hadi kurudi, akiwa na jina, Hamza, na jeraha, na mke wa kumtunza. Riwaya yake ya awali, Paradise, imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi, ikatolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Nilimwambia yule kijana aanze na hiyo.

Zimebaki zile riwaya za upelelezi. Sizionei haya. Muhammed Said Abdulla alitupa Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Faraji Katalambulla akatupa Simu ya Kifo mwaka 1965. Elvis Musiba akatupa Willy Gamba. Tulizipenda kwa sababu moja kubwa: sura ya mwisho ilikuwepo. Hata damu imwagike vipi katika sura ya kwanza, ulijua kwamba kabla hujalifikia jalada la nyuma mtu atasimama na kusema nani alifanya, kwa nini, na alijificha wapi.

Kibiti haikupata sura hiyo. Kati ya mwaka 2015 na 2017, katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga, watu walianza kuuawa mmoja mmoja, mara nyingi jioni, mara nyingi nyumbani kwao: wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, viongozi wa chama, askari. Tarehe 13 Aprili 2017 polisi wanane waliuawa kwa pamoja Mkengeni. Pikipiki zikakatazwa kutembea kuanzia saa kumi na mbili jioni. Wapo waliouawa, na wapo waliochukuliwa wasionekane tena, na nyumba za aina zote mbili zinajuana na kusalimiana kisimani. Serikali ilipeleka nguvu kubwa na mauaji yakakoma. Lakini habari yote, toka mwanzo wake hadi mwisho wake, haijasimuliwa hadharani.

Mtu mmoja alikuwa akiiandika. Azory Gwanda alikuwa mwandishi wa kujitegemea Kibiti, akipeleka habari zake kwa magazeti ya Mwananchi. Hakuwa mpita njia kama Pretorius. Aliishi hapo, na waliouawa aliwaandika kama majirani, jina, kijiji na cheo. Tarehe 21 Novemba 2017 aliondoka na watu waliokuwa na gari, akaiaga familia yake kwamba ana safari ya dharura na kwamba atarudi. Hakurudi. Julai 2019 aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, Palamagamba Kabudi, alipohojiwa na BBC alisema kwamba Azory alitoweka na kufariki. Baadaye akaeleza kuwa maneno yake hayakueleweka sawasawa. Hakuna kaburi. Hakuna hati ya kifo.

Nalisema hili kwa sababu ya jambo dogo la parokiani. Kila Novemba mnaniletea bahasha za majina ya marehemu, nasi tunayasoma madhabahuni. Yule kijana wa Kibiti, aliporudi Jumatano kuchukua Peponi, aliniachia karatasi yenye majina saba ya watu wa kwao. Sita aliyaandika chini ya neno "marehemu". Jina la saba lilikuwa la Azory, na pembeni yake alikuwa ameacha nafasi wazi. Akaniuliza liwekwe wapi.

Nilifikiri siku mbili. Nimeliandika katika orodha ya tunaowaombea walio safarini, kwa kuwa neno la mwisho tulilonalo kutoka kwake mwenyewe ni kwamba anasafiri na atarudi. Litasomwa tarehe 21 Novemba, Misa ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi.