Manowari London na Maji ya Pemba

Katika manowari zote zilizotia nanga bandari ya Unguja zama za Sayyid Barghash bin Said, pengine hapana iliyojuana na Pemba, hiyo Jazirat al-Khudhra, yaani kisiwa cha kijani, kuliko London, ingawa, ajabu yake, yenyewe ilikaa Unguja miaka yote ikatuma watoto wake, yaani mashua zake.

Merikebu hii ya mbao ilishushwa majini Chatham, Uingereza, mwaka 1840. Mwaka 1854 ikaipiga mizinga Sevastopol katika vita vya Crimea, kisha ikatiwa mtambo wa mvuke, na uzeeni mwake ikaletwa Unguja mwaka 1874 iwe bohari na makao ya mabaharia. Iliyoileta ni ile sharti ya tarehe 5 Juni 1873, aliyoitia saini Sayyid Barghash huku Waingereza wamemkaba, iliyoharimisha kusafirisha watumwa baharini na kufunga masoko yao.

Ila kimbunga cha mwaka 1872 kilikuwa kimeing'oa mikarafuu ya Unguja na kuisaza ya Pemba, na kwa kuwa mashamba ya huko yalitaka mikono ya kupalilia na kuchuma, majahazi ya watumwa yakawa yakivuka usiku kutoka mrima na kujitia katika hori za mikoko, ambamo manowari ya mizinga tisini haina la kufanya. Hivyo kazi yote ya kuyasaka ikawaangukia vijana wa mashua, waliovizia huko siku baada ya siku, wakala na kulala humo humo, kwa jua na homa.

Tarehe 3 Desemba 1881, Kapteni Charles Brownrigg, mkuu wa London, akiwa na watu wachache katika mashua ya mvuke iitwayo Wave, alilikaribia jahazi lililopepea bendera ya Kifaransa, atazame hati zake tu. Waliomo wakafyatua bunduki, wakamwua pamoja na baadhi ya watu wake. Lloyd Mathews, aliyekuwa zamani luteni wa London na sasa jemadari wa askari wa Sayyid, alimsaka nahodha wa jahazi lile hata akampata Pemba, naye nahodha akafa kwa majeraha yake.

London iliondolewa kazini mwaka 1883, ikauzwa ivunjwe mwaka 1884. Mashamba ya Pemba yaliendelea kulimwa na watumwa kwa idhini ya sheria hata tarehe 6 Aprili 1897.